MASWALI YA SIRI AMBAYO KIJIJI KIZIMA KINAJUA MAJIBU

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu na wadogo zangu wa Mbulu na Hanang, leo siandiki kuhusu chanjo wala uji wa lishe. Najua wengi mnanifuata kwa ajili ya hayo, na wiki ijayo tutarudi kwa mtoto anayekataa kunyonya kama nilivyoahidi. Leo nina hasira, mnivumilie.

Mwaka jana kuna mtu aliingia kwenye barua pepe yangu ya zamani, ile niliyofungua nikiwa chuo cha uuguzi kwa ajili ya kuombea ajira. Kutoka pale akaingia Facebook yangu. Kutoka Facebook akaanza kuwaandikia watu kwa jina langu, na wala hakuwatafuta wenye pesa. Aliwaandikia kina mama niliowahudumia. "Mama, ni mimi nesi wako, mwanangu kalazwa, nimepungukiwa, nisaidie nitarudisha Ijumaa." Namba ya kutumia ilikuwa na jina geni, yeye akasema ni ya wakala.

Watatu walituma. Jumla yake 145,000. Mmoja alitoa 40,000 ya vitunguu swaumu alivyouza siku ya mnada. Huyu mama nilikesha naye akijifungua, akamwaga damu nyingi, tukahangaika naye mpaka kunakucha. Ujumbe ulipofika hakuuliza maswali. Kwake mimi ni mtu wa kumwamini, basi akaenda kwa wakala na mtoto mgongoni.

Sasa sikilizeni jinsi mwizi alivyoingia. Hakuvunja kitu. Alibonyeza pale palipoandikwa "umesahau nywila?" Ikamuuliza: Shule yako ya msingi inaitwaje? Akaandika. Mlango ukafunguka.

Mimi mwenye akaunti nilipotaka kuirudisha, nikaulizwa swali lile lingine: Rafiki yako wa utotoni anaitwa nani? Jamani, nilijaza hilo jibu zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwenye chumba cha intaneti, huku nikihesabu dakika zisiniishie. Nilikuwa na marafiki watatu wa utotoni. Nikaandika wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Wa tatu, hapana, na nikafungiwa saa 24. Labda niliandika jina lake la ubatizo, labda la nyumbani, labda kwa herufi kubwa. Mpaka leo sijui.

Mwizi alifaulu mtihani wa kuwa mimi. Mimi nikafeli.

SEHEMU YA 2

Baadaye tulimjua ni nani. Sitamtaja, na wala hakuwa mdukuzi wa nchi za mbali. Ni kijana aliyewahi kula ugali mezani kwangu. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hayo maswali wanayoyaita ya usalama yametungwa na watu wanaoamini kwamba adui yako ni mgeni asiyekujua. Huku kwetu mgeni hana habari na wewe. Anayechukua simu yako usiku ni shemeji, binamu, msichana wa kazi aliyeondoka kwa ugomvi, jirani mliyekorofishana kwenye kikundi cha kukopeshana. Wakati mwingine, tuseme ukweli, ni baba watoto mwenyewe. Na hao wote wana majibu.

Angalieni maswali yenyewe. "Jina la mtoto wako wa kwanza." Mama Neema, nakuuliza wewe: ni nani katika kata nzima asiyejua jina la mtoto wako wa kwanza? Si ndilo jina lako! Wodini naita "Mama Neema", sokoni wanaita "Mama Neema", kwenye simu za watu umeandikwa "Mama Neema". Wenzetu kule ng'ambo mama anaitwa kwa jina lake, jina la mtoto linabaki nyumbani. Sisi tunatembea tukiitwa kwa jibu la swali la siri.

"Jina la shule ya msingi." Kijijini kwetu shule ni moja, kwingine mbili. "Mji uliozaliwa." Andika Katesh, ikikataa andika Haydom, ikikataa andika Dongobesh, umemaliza nusu ya darasa. "Jina la mama yako kabla ya kuolewa." Hili huwa linanichekesha. Mama zetu wengi wanaitwa kwa jina la baba zao kabla ya kuolewa, baada ya kuolewa, na wengine mpaka kwenye msalaba wa kaburi. Hilo jina liko kwenye fomu ya shule, fomu ya NIDA, na kwenye kinywa cha kila bibi pale kanisani. "Chakula unachokipenda." Nikianza na wali na pilau, halafu chipsi mayai, nadhani sitafika mbali kabla sijampata mtu.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo usiseme. Toa kitambulisho chako cha NIDA sasa hivi uangalie namba yako. Zile tarakimu nane za mwanzo kati ya 20 ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila uliyemtumia picha ya kitambulisho WhatsApp anayo tarehe yako.

Na sisi wenyewe tunaongezea. Mtoto akizaliwa tunaweka picha: karibu duniani fulani bin fulani, kilo 3.2, tarehe, saa, hospitali. Wengine wanapiga na kadi ya kliniki ikiwa wazi, jina la mama, kijiji, kila kitu. Siwakatazi kufurahi. Nami nilimweka wangu. Ninachosema ni kwamba ukishaiweka furaha yako pale, usiitumie tena kama ufunguo. Na wewe uliyeweka mwaka aliozaliwa mtoto kuwa namba ya siri ya pesa kwenye simu, najua upo, nenda ukabadilishe halafu urudi kusoma.

Niseme kiuguzi. Mgonjwa akiingia wodini namuuliza jina, umri, anatoka wapi. Namuuliza ili nisimchome dawa ya mwenzake. Maswali yale yananisaidia kumjua ni nani. Lakini kabati la dawa za DDA, zile kali zenye daftari lake, halifunguliwi kwa sababu mtu anajua jina kamili la matroni na mwaka aliozaliwa. Lina ufunguo, ufunguo una mtu wake, na zamu ikibadilika tunakabidhiana kwa kuhesabu na kusaini. Anayejenga mfumo ambao kumjua mtu kunatosha kufungua kabati lake, kwangu mimi amefanya uzembe, na angekuwa kazini kwetu angeandika barua ya maelezo.

SEHEMU YA 3

Kuna kaka amenijibu kwenye sehemu ya 2 kwamba haya ni mambo ya vijijini, wenye akili hawaibiwi hivyo. Kaka yangu, karibu.

Septemba 2008, Marekani, Sarah Palin alikuwa gavana wa Alaska na mgombea wa umakamu wa rais. Kijana wa chuo wa miaka 20, David Kernell, aliingia kwenye barua pepe yake ya Yahoo. Kwa njia gani? Umesahau nywila. Akaulizwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta ya eneo lake, vyote vikapatikana mtandaoni. Akaulizwa alikutana wapi na mumewe. Mama yule alishasimulia hadharani kuwa walijuana tangu sekondari, kijana akajaribu mpaka akapatia, Wasilla High. Kwa maelezo yake mwenyewe ilimchukua kama dakika 45. Alikuja kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Sasa kama mtu anayelindwa na walinzi wa serikali kubwa kuliko zote aliingiliwa kwa swali la "mlikutana wapi", mimi na Mama Neema ni nani?

Google nao mwaka 2015 walichapisha utafiti juu ya maswali haya, wakitumia mamilioni ya majibu ya watumiaji wao. Kwa watumiaji wa Kiingereza, ukibahatisha mara moja tu chakula wanachokipenda, unampata karibu mtu mmoja kati ya watano. Jibu ni pizza. Na kwa upande wa kukumbuka, kati ya Wamarekani 100 walioyahitaji majibu yao, 40 hivi walishindwa kuyakumbuka. Niliposoma hilo nililia kidogo, kumbe siko peke yangu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba maswali haya peke yake hayatoshi kumrudishia mtu akaunti.

Lipo na hili. Septemba 2016 Yahoo walitangaza kuwa mwishoni mwa 2014 waliibiwa taarifa za akaunti zisizopungua milioni 500, na ndani yake yalikuwemo maswali ya usalama na majibu yake, mengine hayakuwa yamefichwa kwa namna yoyote. Nywila ikiibiwa unabadilisha. Mama yako utambadilisha jina?

Kwa hiyo kampuni, benki, taasisi yoyote ambayo mpaka leo inamwekea mwananchi maswali haya kama kufuli, haina kisingizio. Hapa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa zangu ana wajibu wa kuzilinda. Kunilazimisha nimpe jina la mama yangu, halafu jina hilohilo litumike kumfungulia mwizi, huko sikuoni kulinda. Na nimechoka kuambiwa mwishoni "mteja alikuwa mzembe". Mimi nilijibu ukweli kama nilivyoulizwa. Ukweli ndio ulioniponza.

SEHEMU YA 4

Sasa dawa. Wakati tunasubiri hao wabadilike, na tutasubiri sana, fanyeni hivi: DANGANYENI.

Wamama wa kanisani tulieni, sijamaliza. Sizungumzii fomu ya NIDA, wala fomu ya benki, wala usajili wa laini, wala kadi ya kliniki. Huko andika ukweli mtupu, kudanganya ni kosa, na kwenye kadi ya kliniki kunaweza kukuua. Nazungumzia lile boksi moja tu ambalo kompyuta inakuuliza "jina la mnyama wako wa kwanza" ili siku moja ikutambue. Pale hakuna anayetaka kumjua mnyama wako. Panatakiwa neno ambalo wewe unalo na mwingine hana, hiyo ni nywila ya pili tu iliyovalishwa nguo ya swali. Hakuna unayemdhulumu.

Ila usidanganye kutoka kichwani. Utafiti uleule wa Google uliuliza watu, na 37 kati ya 100 walikiri kwamba huweka majibu ya uongo makusudi ili wasikisiwe. Matokeo? Walikisiwa kirahisi zaidi, kwa sababu sisi binadamu tunadanganya kwa namna moja. Na uongo wa kichwani unasahaulika haraka kuliko ukweli. Mimi nilishindwa kumkumbuka rafiki yangu wa kweli, nitamkumbuka wa kubuni?

Ndiyo maana nataka mpate programu ya kutunza nywila. Wengine mnasema paswedi, ni kitu kimoja. Ni kama kabati la DDA ndani ya simu: kila kitu kimefungwa humo, na kabati lina ufunguo mmoja mkuu. Mimi natumia Bitwarden, ni ya bure, na hata nikibadili simu vitu vyangu navikuta. Kama hutaki mambo ya kuunganisha na intaneti ipo KeePassDX, yenyewe inaweka faili lililofungwa ndani ya simu yako, ila hapo nakala ni jukumu lako mwenyewe. Sijalipwa na yeyote kusema haya.

Ukifungua ukurasa wa akaunti humo ndani, kuna nafasi ya jina, nafasi ya nywila, na chini kuna nafasi ya maelezo. Pale kwenye maelezo nakili swali lenyewe kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, na chini yake jibu lako la uongo, herufi kwa herufi. Mfano:

Swali: Shule yako ya msingi? Jibu: kijiko mawingu tisa baiskeli

Maneno umeyapata wapi? Chukua kitabu chochote, fungua popote, funga macho, weka kidole. Rudia mara nne. (Huo mfano wangu msiutumie, umeshasomwa na watu wote hapa.) Kila akaunti na jibu lake, hata kama swali ni lilelile, ili kampuni moja ikiibiwa usifunguliwe kote.

Kwa nini maneno, kwa nini isiwe xK9#vv2q? Kwa sababu kuna siku jibu litasomwa kwa simu. Mhudumu anakuuliza, wewe unaanza "eks ndogo, kei kubwa", mtandao unakatika. Halafu kuna ujanja ambao wezi wanautumia: anampigia mhudumu anamwambia "dada yangu nilijaza tu herufi ovyo ovyo, sikumbuki", mhudumu anaangalia kwenye skrini anaona kweli ni herufi ovyo, anamhurumia. Kwa "kijiko mawingu tisa baiskeli" huruma hiyo haipo. Anayo au hana.

Huo ufunguo mkuu wa kabati ni lazima uwe wa kichwani. Maneno matano au sita ya kidole-kitabuni, yaimbe wiki nzima ukiosha vyombo mpaka yakae. Bitwarden hawana namna ya kukurudishia ukisahau, na ni vizuri hivyo, maana wangeweza kukurudishia wewe wangeweza kumrudishia na mwingine.

SEHEMU YA 5 (ya mwisho, naingia zamu ya usiku)

Maswali yamekuwa mengi, nijibu yale yaliyojirudia.

"Nikisahau ufunguo mkuu, au simu ikipotea?" Andika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa mtandaoni haoni karatasi. Lakini isikae nyuma ya kava la simu, na isikae nyumbani kwako peke yake. Sisi wa Hanang hatuhitaji kufundishwa hili. Tarehe 3 Disemba 2023 tope lilipoteremka kutoka Mlima Hanang likapita Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 walifariki, na waliosalia wengi walibaki na nguo walizovaa. Nyumba ilikwenda na simu, vyeti, kadi za watoto, kila karatasi. Kwa hiyo nakala yako ya pili iwe kwa mtu mwingine, mji mwingine, kwenye bahasha iliyofungwa ukasaini juu ya gundi. Yangu iko kwa dada yangu. Hajui ni ya nini, anajua tu asiifungue.

"Hiyo programu yenyewe ikiibiwa?" Swali zuri, na imeshatokea. Mwaka 2022 LastPass waliibiwa nakala za makabati ya wateja wao. Makabati yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo mwenye ufunguo mkuu imara alipata muda wa kubadili nywila zake, mwenye ufunguo wa 123456 alikuwa hatarini. Sikuambii hakuna hatari. Nakuambia ufunguo uwe mrefu.

"Nina kitochi." Daftari dogo, majibu ya uongo yaleyale, lifungie sandukuni. Ni bora mara mia kuliko ukweli.

"Mhudumu wa mtandao wa simu ananiuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na miamala ya mwisho, hapo nadanganyaje?" Hudanganyi. Hayo yametoka kwenye usajili wako, na hapo ndipo udhaifu ulipobaki, programu yangu haiutibu. Unachoweza ni kulinda namba ya siri, kutomwachia mtu simu iliyofunguka, na kuhakikisha laini ni yako kweli. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimekutana na mama ambaye laini yake ya pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, mume kaondoka, laini ikafungwa, na akiba ya kikundi ilikuwa humo. Kwenye macho ya kampuni hakuwahi kuwa mteja. Kama NIDA unayo, laini yenye pesa yako iwe na jina lako, na mume mwema hataudhika.

Na yule aliyeandika "mimi sina cha kuibiwa". Mdogo wangu, hata mimi sikuwa na kitu. Kwenye ile barua pepe hakukuwa na shilingi. Kilichochukuliwa ni jina langu, na lilitumika kuwachukulia wenzangu cha kwao.

Wawili nimeshawarudishia. Yule wa vitunguu swaumu nilimfuata kijijini kwao siku ya mapumziko na 40,000 yake. Akakataa kupokea, akasema "sista, si wewe uliyeniibia." Nikaiweka chini ya kikombe cha chai. Kisha nikachukua simu yake, ni simu janja aliyoletewa na kaka yake kutoka Arusha, nikamuuliza alijaza nini kwenye maswali. Akacheka akasema, "Si nilijaza jina la mwanangu." Tukakaa pale na kitabu cha darasa la nne cha huyo mwanawe, tukaanza kuweka kidole.